Mgonjwa Namba 212

Kliniki ile ilikuwa na watoto mia mbili na kumi na mmoja, hata mmoja zaidi hakuna. Byabato alikuwa na hakika, kwa sababu yeye ndiye aliyewapa namba mmoja mmoja, na mmoja kati yao alikuwa wa kwake. Kwa hiyo Jumanne asubuhi, alipowasha kompyuta na kukuta programu yake imeandika "Mafaili yaliyofunguliwa: 212", alifanya kile ambacho angefanya mtu yeyote aliyelala vizuri. Alipiga miayo, akasema mashine imekosea, akaenda kutafuta chai.

Aliporudi na kikombe, chumba kilikuwa kinanuka udongo. Si vumbi, maana vumbi la Mwanza wote tunalijua. Ulikuwa udongo mbichi, ule wa chini, unaotoka pale mchimbaji anapofika kina cha kiuno. Chumba kilikuwa na vigae, dirisha limefungwa, na mvua haikuwa imegusa Butimba tangu mwezi wa tano. Byabato alinusa soli za viatu vyake. Alinusa hata chai yenyewe.

Kliniki ilikuwa ya watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu unaomfanya mtoto alie mifupa kama bibi kizee. Ilikuwa juu mlimani, nyumba ndefu ya bati la buluu iliyobanwa katikati ya mawe makubwa, na kutoka dirisha la chumba cha kompyuta uliweza kuona kipande cha ziwa, chembamba, kama pindo la kanga. Byabato alikuwa Mhaya wa Kamachumu mwenye shahada, na kama unawajua Wahaya basi unajua kwamba hata muuza karanga wa pale getini alikuwa ameshatajiwa shahada ile. Lakini roho alikuwa nayo. Binti yake Annet, wa miaka sita, alipogundulika na ugonjwa huo, yeye aliacha kazi nzuri mjini akaja kuwatengenezea mfumo, kwa sababu alikuwa amechoka kuona wazazi wakisahau siku ya kliniki na watoto wakiletwa wamechelewa.

Mfumo wenyewe haukuwa na maajabu. Kila mtoto alikuwa na faili lake ndani ya kompyuta, lenye mistari mitano: jina, umri, uzito, makazi, mzazi na namba yake ya simu. Kila asubuhi saa moja programu, aliyoiandika kwa lugha ya Python, ilipita kwenye orodha ya namba, ikafungua faili moja baada ya jingine, na kumtumia ujumbe kila mzazi ambaye siku yake imefika. Programu ya namna hiyo ina tabia moja. Ikikuta faili halifunguki, inasimama hapo hapo, inaandika kosa kwa maandishi mekundu, na kugoma kama punda. Ijumaa iliyopita iligoma kwenye namba 96, na wazazi wote waliofuata hawakupata ujumbe.

Sista Dorotea, muuguzi mkuu, alikuja mwenyewe mlangoni siku hiyo, mikono kiunoni.

"Byabato, wazazi mia na ushee hawajaambiwa. Shahada hiyo inasema nini?"

"Faili moja lilikosekana, Sista. Programu ikasimama ili tujue kuna tatizo."

"Mimi sitaki isimame. Faili likikosekana ipite, iendelee na wengine. Sitaki kuona hayo maandishi mekundu tena."

Angeweza kuiambia programu iruke namba ile, iendelee na wengine, na mwisho itaje kosa ili mtu aende kuangalia. Ndivyo inavyotakiwa, na alikuwa amewafundisha vijana wengi hivyo. Lakini ilikuwa Ijumaa jioni na alikuwa ameudhika. Alilirudisha faili la 96, kisha akaandika mistari miwili tu: faili lisipofunguka, tengeneza jingine jipya, tupu, lenye namba ile ile, kisha endelea. Faili likishakuwepo, hata kama ni tupu, hakuna kosa la kutaja. Na katika kurekebisha orodha kidole kikateleza, mwishoni kabisa, chini ya 211, akaacha 212, namba isiyo na mtoto. Alifunga kompyuta akaenda zake nyumbani Mabatini kula samaki. Jumatatu ilikuwa sikukuu, hakurudi mpaka Jumanne.

Ndivyo lilivyopatikana faili la 212. Jumanne hiyo alilifungua akalikuta tupu, akacheka, akalifuta. Aliifuta na namba yenyewe kwenye orodha.

Hapo ndipo aliposikia jembe.

Ndu. Ndu. Kisha mkwaruzo, chuma kwenye mwamba, kisha tena ndu. Sauti ilitoka chini ya vigae, chini ya meza yake hasa. Alitoka hadi ukumbini akamkuta Sista Dorotea amesimama na chati mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Sista, kuna mafundi wa bomba?"

"Mafundi gani? Nilidhani ni chumbani kwako."

Walitazamana. Sauti ikakoma. Kila mmoja alirudi kwenye kazi yake, maana watu wazima wanaona aibu kuwa wa kwanza kuogopa.

Jumatano asubuhi faili la 212 lilikuwa limerudi. Halikuwa tupu tena. Kati ya mistari mitano, minne haikuwa na kitu, lakini mmoja ulikuwa umejazwa: "Umri: miaka 7". Na juu yake, kwenye taarifa ya programu, kulikuwa na maneno haya: "Faili la 038 halikuwepo. Limetengenezwa jipya."

Namba 038 alikuwa Paulo, mtoto mcheshi wa Kisesa aliyependa kuwaigiza manesi wanavyotembea. Byabato alilitafuta faili lake la zamani kila mahali. Kulikuwa na faili jipya tu, jeupe. Alikuwa bado anatafuta pale mama yake Paulo alipoingia getini amembeba mtoto mgongoni, akikimbia. Nje jua lilikuwa linachoma mawe, lakini Paulo alikuwa wa baridi kama mtungi wa maji. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo.

"Umecheza wapi, baba?" Sista Dorotea alimuuliza, akimsugua viganja.

"Sijacheza," Paulo alinong'ona. "Kuna mtu anachimba chini ya kitanda changu. Ameniuliza nina miaka mingapi."

"Ukamwambiaje?"

"Saba."

Byabato alikuwa amesimama mlangoni. Aliyasikia yale, akarudi chumbani kwake, akafuta ile mistari miwili kwenye programu. Alijua angepaswa kumwambia Sista. Lakini angeanzia wapi? Mtu anayesema faili la kompyuta limemkamata mtoto, wanampeleka kupimwa akili. Na zaidi ya hapo kulikuwa na aibu, ile aibu ya fundi anayejua kosa ni lake. Alinyamaza.

Alhamisi programu haikutengeneza faili lolote. Ilisimama kwenye namba 077 na kuandika kwa wekundu: "Faili halipo." Ndani ya 212 mstari mwingine ulikuwa umejaa: "Uzito: kilo 18". Saa nne wakamleta Rebeka, namba 077, amelala usingizi usioamshika. Dada yake alisema kabla hajalala alikuwa analalamika kwamba kuna mtu anataka kumpima uzito, anamnyanyua na kumshusha, anamnyanyua na kumshusha.

Byabato aliiruka 077 kwa mkono ili wengine waendelee, na Ijumaa ikawa 103. Safari hii kosa lilikuwa jingine: "Huna ruhusa ya kufungua faili hili." Yeye, Byabato, aliyeyaumba mafaili yote kwa mkono wake, anaambiwa hana ruhusa! Alibamiza meza. "Makazi: Mabatini", ilisema 212, na namba 103 alikuwa Alexander, mtoto wa mtaa wa nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Wodini vitanda vitatu vilikuwa na watoto wa baridi, harufu ya udongo ilikuwa imefika hadi kwenye mashuka, na jembe halikupumzika tena, likawa linapiga taratibu chini ya sakafu kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Jioni ile Paulo alifariki. Byabato alikaa chooni akalia, mdomo ameuziba kwa mkono, akitaja jina la Paulo mara nyingi kama anaomba msamaha kwa mtu aliyeko nje ya mlango.

Walimzika Jumamosi mchana, Kisesa. Mchimbaji kaburi alikuwa mzee Machibya, mjomba wa Suzana, mke wa Byabato. Machibya alikuwa Msukuma mfupi mwenye mabega mapana, aliyechimba makaburi ya Kisesa kwa miaka thelathini na ambaye siku zote alimtania mkwe wake kwamba Wahaya wanazaliwa na kalamu. Siku ile hakutania. Watu walipoanza kutawanyika alimvuta Byabato kando, karibu na lundo la makoleo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nisikilize, ngosha. Leo alfajiri nilikuja kuanza kuchimba hili kaburi. Nimelikuta limeshachimbwa. Futi tatu, safi, na ukutani hakuna alama ya jembe."

Byabato aligeuka kulitazama lile kaburi lililofukiwa.

"Mahali fulani kuna mtu alichimba shimo la mtu, akaliacha wazi bila mtu," Machibya aliendelea kwa sauti ya chini. "Hilo halifanywi. Hata mkisema msiba umehamishwa, maiti inazikwa kwingine, shimo likishatajwa kuwa la mtu halifukiwi tupu. Tunakata mgomba, tunauvisha shuka, tunauzika. La sivyo linaingiwa. Na kikiingia kisicho na jina, kinaanza kutafuta jina."

"Na ukilifukia tupu?"

"Umekifungia ndani. Kitatokea shimo la jirani."

Byabato alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na suruali yake ya msibani. Alimweleza yote: ile Ijumaa, mistari miwili, namba isiyo na mtoto, jinsi alivyofuta faili na lenyewe likarudi. Alitarajia mzee acheke. Machibya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Hilo shimo lako lina mistari mitano. Imebaki mingapi?"

"Miwili. Jina na mzazi."

Simu yake ikaita. Alikuwa Suzana, na Suzana, mwanamke anayeweza kugombana na makondakta watatu kwa mpigo, alikuwa ananong'ona.

"Baba Annet, mtoto amekuwa wa baridi. Niko naye wodini kwa Sista. Anasema kuna mtu anamuuliza jina lake."

"Mwambie asilitaje! Suzana, mzibe mdomo, asilitaje!"

"Ameshaanza," Suzana alisema, na sasa alikuwa analia. "Amelala, lakini midomo inacheza. Anataja herufi moja moja kama anavyofundishwa shuleni. Amefika A."

Walipanda pikipiki moja, Byabato katikati na Machibya nyuma na jembe lake begani, na njia nzima kutoka Kisesa hadi Butimba Byabato alisali Salamu Maria bila kufika mwisho hata mara moja, kwa sababu kila akifika katikati alimuona Annet na midomo yake midogo ikitafuta herufi ya pili, na aliona jinsi mwanawe alivyokuwa na bidii ya shule, mtoto ambaye hakuwahi kuacha neno njiani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliomba mtoto wake awe mzembe.

Nyuma ya jiko la kliniki, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, kulikuwa na migomba minne. Machibya alikata mmoja kwa pigo moja, akaupunguza majani mpaka likabaki shina lenye urefu wa mtoto.

"Sista," alisema, "nipe shuka. Halafu huyu apimwe uzito."

"Nani apimwe?"

"Huyu."

Sista Dorotea alikuwa mwanamke wa kanisa na mwenye elimu ya sayansi. Alimtazama mzee, akalitazama shina la mgomba, akageuka akatazama wodi yake, watoto watatu wa baridi na mmoja kati yao mikononi mwa mama yake. Kisha akaleta mizani.

"Kilo kumi na nne," alisema.

"Umri?" Byabato aliuliza.

"Miezi tisa," alisema Machibya. "Haujazaa. Sasa sikia. Mimi nachimba hapa, chini ya dirisha lako. Nikiulaza ndani, mlango wako utafunguka. Uandike huyu mgomba kama mnavyomwandika mgonjwa, kila mstari juu ya ule ulioibwa. Nitafukia polepole. Nikimaliza kufukia, pasiwe na mstari hata mmoja mtupu. Mstari mtupu ni shimo."

Byabato alikaa mbele ya kompyuta. Faili la 212 lilikuwa wazi kwa kusoma, na mstari wa kwanza ulisema: "Jina: An". Alijaribu kuandika. Maandishi mekundu: "Faili linatumiwa na mwingine."

Nje jembe la Machibya likaanza, ndu, ndu, na chini ya vigae lile jingine likajibu, kwanza kwa zamu kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, kisha haraka zaidi, kana kwamba lilikuwa limeelewa ni mashindano, na harufu ya udongo ikapanda kutoka sakafuni nzito kiasi kwamba Byabato aliisikia kwenye meno, na kila alipobonyeza alijibiwa linatumiwa na mwingine, linatumiwa na mwingine, na nyuma yake kupitia mlango ulioachwa wazi alimsikia Suzana akisema, "Annet, mama, nyamaza, nyamaza mwanangu," na mbele ya macho yake, bila mkono wa mtu, herufi ikajiongeza: "Jina: Ann".

"Mjomba!"

"Nimepiga mwamba!" Machibya alifoka kutoka nje. "Ngoja!"

"Siwezi kungoja!"

"Jina: Anne".

Ilibaki herufi moja. Byabato alimsikia mwanawe akivuta pumzi, ile pumzi ya mtoto anayejiandaa kumalizia neno mbele ya mwalimu. Suzana alimziba mdomo kwa kiganja, akapiga ukelele, na wakati huo huo kitu kizito kikaanguka kwenye udongo nje ya dirisha, pu, na wekundu ukatoka kwenye kioo.

Faili lilifunguka.

"Andika!" Machibya alisema, na pale pale sauti ya udongo ukimwagwa ikaanza, koleo moja, la pili.

Byabato aliandika: "Umri: miezi 9". Wodini hakukutokea kitu, maana mwenye ule umri alikuwa chini ya ardhi ya Kisesa. Aliandika: "Uzito: kilo 14", na Sista Dorotea akapaza sauti, "Rebeka amefumbua macho! Jamani, ameomba maji!" Aliandika: "Makazi: Butimba, nyuma ya jiko", na Alexander akaanza kulia kwa nguvu, kilio kizuri cha mtoto mwenye hasira. Alipofika kwenye jina alizifuta zile herufi nne moja moja, akaandika: "Jina: Mgomba". Suzana aliacha kupiga kelele. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele, mpaka Annet akasema kwa sauti ya usingizi, "Mama, mkono wako unanuka vitunguu."

Byabato alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akaona mstari wa mwisho: "Mzazi:". Mtupu.

"Mjomba, mgomba niuandike mzazi nani?"

Koleo likasimama kidogo. "Mzazi?"

"Lazima pawe na mzazi na namba ya simu. Bila hivyo faili haliwezi kuhifadhiwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka sharti hilo."

"Sijui, ngosha," Machibya alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga. "Kwenye makaburi yangu hakuna mstari wa mzazi. Huo ni wa kwako. Harakisha, udongo umebaki kidogo, na huku chini kunasukuma."

Byabato alisikia. Lile jembe la chini lilikuwa limeanza upya, taratibu, na mstari wa jina ulikuwa unacheza, herufi ya mwisho ya Mgomba ikififia na kurudi. Angeandika jina la nani? La Sista? La Suzana? La marehemu mmoja wa Kamachumu, amuamshe babu wa watu kwa kosa lisilo lake? Alimsikia Annet akiomba uji. Akaandika jina lake mwenyewe, yote matatu, kama yalivyo kwenye ile shahada, akaweka namba yake ya simu, akahifadhi.

Jembe likanyamaza. Harufu ikaisha, mara moja, kama mtu aliyefunga mlango. Nje Machibya alikuwa anashindilia udongo kwa mgongo wa koleo.

Jioni hiyo hiyo Byabato aliiandika programu upya, na Sista Dorotea alikaa kando yake mpaka alipomaliza. Faili lisipofunguka isitengeneze kitu. Iseme ni namba gani, iseme ni kosa gani, iruke iendelee na wengine, na maandishi mekundu yakae hapo mpaka mtu mzima aje aulize kulikoni. Alimwambia Sista yote, hakuficha hata lile la kunyamaza siku tatu Paulo akiwa bado anapumua. Sista hakumsamehe, wala hakumfukuza. Alisema tu kwamba mama yake Paulo ataambiwa, na kwamba atakayemwambia ni Byabato.

Jumapili walipumzika. Annet alikula ndizi na maharage, akadai na za baba yake.

Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, simu ya Byabato ililia mara mbili. Ujumbe wa kwanza ulimkumbusha kumleta Annet kliniki leo, maana ilikuwa siku yake kweli. Wa pili ulisema: "Ndugu Byabato, unakumbushwa kumleta Mgomba kliniki leo. Tafadhali usimwache nyumbani peke yake."

Alikuwa ameifuta 212 kwenye orodha tangu Jumanne. Alikumbuka vizuri. Alisimama jikoni akasoma ujumbe ule mara tatu, kisha akauficha Suzana asiuone, akamvalisha Annet sweta na kumtoa nje. Walipanda kilima cha Butimba kwa miguu kutoka barabarani, polepole kwa ajili ya mifupa ya mtoto, ziwa likiwa chini yao linameta. Kwenye kona ya mawe Annet akageuka kutazama nyuma. Alitazama tena. Mara ya tatu akasimama kabisa.

"Baba," alisema, "mbona mimi tu ndiye umenishika mkono?"

Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imewafikia. Byabato hakugeuka. Alijua kitu kimoja tu, kwamba kile kilicho nyuma sasa kina jina na kina baba, na kwamba kikikosa mkono wa baba kitatafuta mkono mwingine, mdogo, wenye joto, ulio karibu. Akamvuta Annet akamweka mbele yake. Kisha akaupeleka mkono wake wa kushoto nyuma, chini, kwa kimo cha mtoto, akafungua kiganja.

Kikashikwa.

"Twende," aliwaambia wote wawili. "Tusichelewe kliniki."